Kitabu kilikuwa kwenye dashibodi: Jinsi giaboksi ya binamu yangu ilivyofia Mautuma

Kama umewahi kupanda gari lililotoka Japan, basi unamjua yule mama. Ukiwasha injini tu, anasema sentensi moja ya Kijapani kwa sauti tamu, halafu kimya. Binamu yangu alikuwa amemzoea hadi akampa jina, Madam. Kila asubuhi kabla ya kuwasha apu ya teksi na kuanza kutafuta wateja, alimjibu, “Poa sana, Madam,” kisha akaweka gia na kuondoka.

Desemba iliyopita Madam alisafiri nasi kutoka Nairobi hadi Mautuma, kaunti ya Kakamega, nilikokuwa nikienda kula Krismasi kwa shangazi. Alisema yake pale pale tulipowasha gari, saa kumi na moja alfajiri. Baada ya hapo hakusema neno lingine, na giaboksi ilikuwa inakufa chini ya miguu yetu.

Gari lenyewe ni kigari kidogo cha 1300cc, aina ile ambayo ukisimama dakika tano kando ya barabara yoyote Nairobi utayahesabu kumi. Sitataja jina lake kwa sababu kosa halikuwa lake. Binamu alilinunua kwa mkopo wa sacco na alikuwa amelipa miezi saba. Kilichosalia ni miezi ishirini na tisa. Wasomaji wengi wa umri wetu wanaelewa hesabu hiyo bila kuchora: gari likilala siku moja, sacco hailali.

Sasa, wiki mbili kabla ya safari alikuwa amelipeleka gereji fulani huko mtaani wakague kabla ya mwendo mrefu. Jamaa wa gereji akamwambia oili ya giaboksi imepungua kidogo. Iliyokuwa inatakiwa ilikuwa bei ghali na haikuwa hapo. Jamaa akachukua chupa ya ATF ya kawaida, nyekundu, nusu ya bei. “Oili ya gia ni oili ya gia, buda. Bora iwe nyekundu,” akasema. Akamwaga lita mbili. Binamu akalipa, akafurahi kwamba ameokoa shilingi elfu moja na kitu.

Dalili ya kwanza tuliiona tukipanda kuelekea Timboroa. Gari lilianza kutetemeka, mtetemo mdogo mdogo kama mtu anayesikia baridi. Nikamtazama binamu. “Ni barabara,” akasema. Hiyo barabara ilikuwa lami safi. Tulipofika Burnt Forest mtetemo ulikuwa umetulia na tukasahau. Tukapita Eldoret, tukanunua maandazi Turbo, kisha tukaiacha barabara kuu ya kwenda Webuye na kuingia njia za ndani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mnaojua Mautuma mnajua udongo wake: ukikauka ni vumbi jekundu, ukilowa ni sabuni.

Takribani kilomita nne kabla ya boma la shangazi tukakwama. Binamu akafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka pale pale, tope likaruka hadi kwenye kioo. Akaweka rivasi, akakanyaga. Akaweka D, akakanyaga. Rivasi, D, rivasi, D, bila hata kusubiri magurudumu yasimame. Baada ya kama dakika kumi kukawa na harufu, si ya tairi, ni kitu kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Vijana wawili waliokuwa wakipita na nduthi wakatusukuma tukatoka kwenye tope, lakini gari halikwenda. Injini inanguruma, mshale wa RPM unapanda hadi elfu nne, na sisi tunatambaa kama konokono. Mwishowe hata kutambaa kukaisha.

Jirani wa shangazi ana trekta. Akaja na kamba, akaifunga mbele ya gari, binamu akaweka N kama tulivyofundishwa sote, na tukavutwa hadi senta, magurudumu yote manne yakiwa chini.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha basi kuukuu chini ya mti, gereji yake nzima ikiwa ni mabati sita, shimo la kukagulia magari na ukuta uliojaa spana. Hakutusalimia kwanza. Alisimama akatazama kamba, akatazama magurudumu ya mbele.

“Mmelivuta hivi kutoka wapi?”

Binamu akamwambia.

“Ikiwa N? Na injini imezimwa?”

“Ndiyo, Mzee.”

Akafumba macho kidogo. “Mulembe, vijana,” akasema, kama mtu anayetoa pole.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza, na nimewauliza marafiki kumi tangu wakati huo, ni wawili tu waliolijua. Kwenye gari la otomatiki, pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Lakini kama gari linavutwa na magurudumu yanayoendeshwa na injini yako chini, vyuma vya ndani vinaendelea kuzunguka, vikiwa vikavu. Gari letu lilikuwa la kuendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo lilitakiwa kuinuliwa mbele, au kupakiwa lote juu ya lori la brekdauni. Gari la gia za mkono linavumilia kamba kuliko hili, maana giaboksi yake nyingi hujirushia oili yenyewe meno ya gia yanapozunguka.

Nilidhani fundi angeanza kufungua. Hakushika spana hata moja. Aliuliza maswali matatu: iliwekwa oili gani, nani aliiweka, na lini. Binamu alipofika kwenye “bora iwe nyekundu”, fundi akamwita mwanafunzi wake.

Mwanafunzi huyo ni msichana wa miaka 22, ovaroli ya bluu, simu mfukoni. Anajiandaa kufanya mtihani wa Gredi ya Tatu wa NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani inayowapima mafundi waliojifunzia kazini. Alichomeka kidude kidogo cha bluetooth chini ya usukani, akasoma simu. “P0700, Mzee.” Kisha akatugeukia na kutueleza kwamba namba hiyo haisemi kilichoharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, nenda ukaiulize yenyewe. Fundi anayesoma P0700 kisha akakwambia papo hapo “nunua giaboksi nyingine” amesoma jalada la kitabu na kudai amekimaliza.

Fundi aliongeza hadithi yake hapo. Kuna mteja aliyemjia akiwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba giaboksi yake imekwisha. Kila akiweka D, gari linagonga: gu! Kumbe ni mauntingi ya injini iliyokuwa imekatika, ile mipira inayoshikilia injini na giaboksi zisirukeruke. Ukiweka gia, mtambo mzima unainuka na kugonga. Mauntingi moja, saa mbili za kazi, mteja akaenda nyumbani. “Giaboksi nyingi zinazotolewa kwa gari hazikuwa na ugonjwa,” alisema. Mimi siwezi kuthibitisha ni ngapi, lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu ameambiwa anunue giaboksi, swali langu la kwanza ni kuhusu mauntingi.

Yetu haikuwa mauntingi. Walipofungua nati ya chini, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa ya matanga, na ile harufu ya chapati ikajaa shimo zima. Kisha wakashusha sampu. Ndani yake kuna sumaku ndogo kazi yake ikiwa kunasa unga wa chuma. Msichana akaipangusa kwa kidole na kutuonyesha: unga laini wa kijivu, kama masizi yaliyolowa, huo ni wa kawaida, hata giaboksi yenye afya huwa nao. Lakini katikati ya unga huo kulikuwa na vipande vinavyometameta, vyembamba kama magamba ya samaki.

“Hivyo sasa,” akasema, “si unga.”

Binamu aliketi juu ya tairi kuukuu na hakuongea kwa muda mrefu.

Ili uelewe kwa nini lita mbili tu za oili isiyofaa zinaweza kufanya hivyo, lazima ujue kwamba otomatiki si aina moja. Otomatiki ya zamani, kama zile za gia nne zilizokuwa kwenye Probox za awali, ina toki konveta, seti za gia, na pakiti za klachi zinazobanwa na oili. CVT ni kiumbe kingine kabisa. Haina gia za kuhesabu. Na ukiwa Mautuma huhitaji mchoro wa kuielewa, nenda tu posho mili.

Kwenye posho mili kuna puli mbili na mkanda. Injini inazungusha puli moja, mkanda unazungusha nyingine, mahindi yanasagika. Sasa fikiria puli ambazo zinaweza kujipanua na kujibana zenyewe zikiwa zinazunguka. Mkanda ukizama ndani ya puli ya kwanza na kupanda juu kwenye ya pili, gari lina nguvu ya kupanda mlima. Ukifanya kinyume, gari lina kasi. Mholanzi mmoja aliyeitwa Hub van Doorne ndiye aliyeifanya iwe ya magari ya watu wa kawaida. Kampuni yake, DAF, ilionyesha kigari cha DAF 600 mwaka wa 1958 kikiwa na mikanda ya mpira. Siku hizi mkanda ni wa chuma, umeundwa kwa mamia ya vipande vidogo vilivyopangwa kama sarafu kwenye uzi.

Chuma juu ya chuma, kati yake oili. Hapo ndipo kuna siri yote. Oili ya CVT ina kazi mbili zinazopingana: ilainishe na kupoza, lakini wakati huo huo iache mkanda ung'ang'anie puli bila kuteleza. Imetengenezwa kwa kazi hiyo. ATF ya kawaida imetengenezewa pakiti za klachi, si mkanda. Ukiichanganya humo, mkanda unaanza kuteleza, kidogo tu, na kila ukiteleza unakwaruza puli. Mkwaruzo unatoa vipande, vipande vinasafiri na oili hadi kwenye valvu, na mambo yanaharibika kwa mpangilio. Ule mtetemo wa Timboroa ulikuwa mkanda. Umewahi kusikia mkanda wa posho mili ukiteleza gunia likijaa? Ni hivyo hivyo, isipokuwa mwenye posho mili huisikia na kuizima.

Rangi nayo haikuambii kitu. Oili mbili nyekundu zinaweza kuwa tofauti kama soda na divai. Kinachotazamwa ni jina lililoandikwa na mtengenezaji wa gari: Toyota wana zao, kwa mfano WS kwa otomatiki za gia na TC au FE kwa CVT. Nissan wana NS-2 na NS-3. Honda wana zao. Ukiambiwa kuna moja “inayoingia zote”, muulize mwenye kuiuza kama atakuandikia hilo kwenye risiti.

“Lakini ningejuaje?” binamu akauliza hatimaye. “Hakuna mtu aliniambia.”

Msichana akafungua kijidroo cha dashibodi, upande wa abiria. Akatoa soksi, chaja, risiti za petroli, na chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki, vitabu viwili vya Kijapani ambavyo vilikuwa humo tangu gari lilipopanda meli. Binamu hakuwahi kuvifungua. Kwa nini angevifungua? Msichana aliweka simu juu ya ukurasa, programu ya tafsiri ikaanza kubadilisha zile herufi kuwa maneno yanayosomeka, mengine kichekesho, lakini mengi yanaeleweka. Jina la oili lilikuwa pale. Kiasi chake kilikuwa pale. Na katika kile kijitabu cha sevisi kulikuwa na ukurasa unaoeleza maana ya “matumizi magumu”, yaani gari ambalo linatakiwa kukaguliwa na kubadilishwa oili mapema kuliko mengine.

Alitusomea: barabara mbovu zenye mashimo, kokoto, theluji au zisizo na lami. Kupanda na kushuka milima mara kwa mara. Safari fupi fupi za kurudiarudia. Kilomita nyingi kuliko kawaida kwa mwaka.

Isipokuwa theluji, hiyo ni Mautuma. Na bila mashimo, hiyo ni teksi ya Nairobi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana nadhani ndipo wengi wetu tunapoumia. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa sababu ya bei, wengi hununua lililo karibu na mwisho wa kipimo hicho. Kwa hiyo gari linashuka Mombasa likiwa na miaka saba au minane, na mara nyingi oili ya giaboksi ni ile ile liliyotoka nayo kiwandani. Mwenyewe kule hakuwa na haraka: vitabu vingi vya magari havitaji muda wa kubadilisha oili hiyo kwa matumizi ya kawaida, na barabara zake ni laini. Huku muuzaji anakwambia “hiyo ni oili ya maisha”. Maisha ya nani? Maisha ya giaboksi, ndiyo, kwa sababu oili ikifa giaboksi inafuata.

Utaratibu wa huyu fundi ni rahisi. Gari likishuka tu kutoka melini, kabla ya kuweka rimu na muziki, badilisha oili ya giaboksi. Baada ya hapo, kila kilomita 40,000 kwa gari la kazi. Hiyo namba ni yake, si ya kitabu, na wapo wanaosema 60,000. Sijakutana na fundi mzuri anayesema kamwe.

Kubadilisha kwenyewe kuna mambo. Ukifungua nati ya chini, inatoka kama nusu tu. Nyingine inabaki kwenye toki konveta na mirija. Ndiyo maana yeye hufanya mara mbili: anamwaga, anajaza, anakwambia uendeshe siku chache, anarudia. Zile mashine za kusukuma oili yote nje kwa presha hazipendi, hasa kwa giaboksi ambayo haijawahi kuguswa, kwa sababu presha inaweza kuamsha uchafu uliokuwa umelala na kuupeleka kwenye valvu. Mafundi wengine wanabishana naye kwa hili. Asilobishana nalo mtu ni kiwango. Magari mengi ya siku hizi hayana dipstiki ya giaboksi. Kiwango hupimwa kwa nati maalum, gari likiwa sambamba, injini inanguruma na oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kitabuni. Ikipungua inaunguza, ikizidi inapigwa povu, na povu halibani mkanda. Fundi anayemwaga oili kwa kukadiria na jicho anacheza kamari kwa pesa zako.

Wakati huo wote Probox zilikuwa zinapita senta zikiwa zimeinama nyuma kama kuku anayetaga. Msimu wa mahindi ulikuwa bado haujaisha. Gunia la mahindi ni kilo 90. Probox ilitengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Magunia manne yanakupeleka hadi kilo 360. Sijawahi kuona Probox ya Mautuma yenye magunia manne.

Wenye hizo za gia za mkono wana maradhi yao, na fundi anayajua madereva kwa maradhi. Anayeweka mguu juu ya klachi safari nzima anakuja na beringi ya rilizi inayolia. Anayeshikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki anakuja na klachi pleti iliyoungua, akidai aliuziwa feki. Anayesahau oili anakuja gia ya pili ikikataa kuingia. Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi hufanya: oili ya GL-5 ni nzito kwa kazi za difu, lakini baadhi yake zina kemikali zinazokula shaba ya ndani ya giaboksi nyingi za mkono zinazotaka GL-4. Namba ni kubwa, si lazima iwe bora.

Na wale wa kuweka “free” mteremkoni ili kuokoa mafuta, fundi aliomba niandike hivi: gari lenye sindano za kompyuta likiteremka likiwa ndani ya gia, kompyuta hukata mafuta. Ukiweka N, injini inahitaji mafuta ya kujishikilia isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi, na huna breki ya injini.

Turudi kwa binamu. Giaboksi ilikuwa imekwisha, hilo halikubadilika. Kuifungua na kuitengeneza kungehitaji puli na mkanda mpya, na vipuri hivyo kwa bei ya rejareja vinakaribia bei ya giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japan. Ilipatikana Eldoret, shilingi 55,000, bila oili na bila kazi. Binamu alikuwa na 9,000. Sacco walitaka malipo yao tarehe tano.

Usiku huo shangazi hakusema mengi. Asubuhi aliuza mtamba. Mtamba huyo alikuwa ametengewa karo ya Januari ya mdogo wake binamu, kila mtu pale mezani alijua, na hakuna aliyelitaja. Nilimwona binamu akimsindikiza mnunuzi hadi barabarani akiwa ameshika kamba mwenyewe.

Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili, na nilikaa pale zote. Kabla ya kulipa, msichana alikuwa ameenda Eldoret na picha ya lebo ya giaboksi ya zamani kwenye simu, akalinganisha herufi moja moja, kwa sababu giaboksi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kompyuta na hesabu tofauti. Alinusa oili iliyobaki ndani ya ile ya dukani. Akaikataa ya kwanza. Akakubali ya pili.

Waliposafisha mirija ya kupozea oili, vikatoka vipande vile vile vya kumetameta. Kama wangeruka hatua hiyo, uchafu wa marehemu ungeingia kwa mgeni siku ya kwanza. Kisha ikaja toki konveta. Fundi alinifanya niisikilize: unaizungusha ukiisukuma ndani, inagonga, inazama kidogo, inagonga tena, inazama. Mpaka izame yote. Wapo wanaoona giaboksi haijakaribiana na injini, wakaivuta kwa bolti. Bolti zinaivuta kweli, na zinavunja pampu, na mteja anaambiwa giaboksi ya Japan ilikuwa mbovu. Mwishowe oili, ile ya jina lililo kitabuni, lita kwa lita, msichana akisoma joto kwenye simu na fundi akiwa shimoni na tochi mdomoni.

Walilijaribu gari hadi barabara kuu na kurudi. Hakukuwa na mtetemo. Msichana akachukua kipande cha teipu nyeupe na kalamu ya wino, akaandika jina la oili, tarehe na kilomita, 143,260, akakibandika ndani ya kifuniko cha kile kijidroo cha dashibodi. Vitabu vya Kijapani akavirudisha, lakini safari hii juu ya soksi.

Binamu akawasha gari aondoke. Madam akasema sentensi yake.

“Huyo husema nini kila siku?” fundi akauliza, akifuta mikono kwa kitambaa.

Msichana akamwambia binamu azime na kuwasha tena, akaweka simu karibu na spika. Akasoma, akatabasamu.

“Anasema kadi haijawekwa, Mzee.”

“Kadi gani?”

“Ya kulipia barabara. Kwao barabara nzuri zinalipiwa.”

Fundi akaitazama ile njia nyekundu inayoelekea kwa shangazi, tope lake likianza kukauka na alama za trekta bado zipo, akacheka hadi akaketi.